Simu imejaa skrinshoti ila nikikaa kudizaini kichwa kitupu, nyie mnatoa wapi aidia?

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Najifunza kudizaini, zaidi logo, mabango na muonekano wa aplikesheni za simu. Nina mafolda ya skrinshoti za kazi za watu, Pinterest ndo usiseme, lakini nikifungua ukurasa mweupe nianze kazi ya mteja nakwama, na nikilazimisha kinatoka kitu kinachofanana na kazi za watu wengine elfu. Mteja wa mwisho kaniambia kabisa, hii si ndo ile templeti ya bure? Nyie wazoefu inspiresheni mnatoa wapi? Naambiwa nitembee niangalie vitu, nimetembea, nimepiga picha za kuta, mageti, machweo, sioni zinanisaidia nini. Halafu rangi, nikizinyonya kutoka kwenye picha kali mbona kwenye kazi yangu zinakuwa mbaya? Na hizi akili mnemba za kutengeneza picha nitumie kutafutia aidia au zitaniharibu? Mwisho, ninunue tableti ya kuchorea?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mengi kwa mpigo, yote nitayajibu ila usitegemee nitayagawia sawa, hilo la kwanza ndo lenye nyama na mengine yanajibika humohumo.

Chukua simu yako sasa hivi. Fungua pale pa kupigia, angalia 1 iko wapi. Juu kushoto, si ndio? Haya toka hapo, fungua kalkuleta. 1 iko chini, juu wamekaa 7, 8 na 9. Simu hiyohiyo, kioo hichohicho, namba zilezile, na umezitumia zote mbili miaka yote bila kustuka. Kalkuleta zimerithi mpangilio wa mashine za kuhesabia za zamani. Simu nayo ina stori yake, Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu kule Marekani, kabla simu za vitufe hazijatoka mwaka 1963 walikaa na watu wakawajaribishia mipangilio kibao, mingine ya duara, mingine ya mistari, wakapima nani anabonyeza haraka na nani anakosea, na huu wa 1, 2, 3 juu ukawa kati ya ile iliyofanya vizuri, wakaushika. Kwa hiyo kuna mtu aliamua. Kila kitu kilichotengenezwa unachokiona kuna mtu aliamua kiwe vile, na alikuwa na sababu, iwe nzuri, mbovu, au ya kubanwa tu na hela na muda, na mimi nikikwama kwenye kazi huwa natafuta sababu za namna hiyo, picha nzuri zinakuja baadaye sana.

Shida ya folda yako iko hapo. Skrinshoti inakuonyesha kilichoamuliwa, haikuonyeshi kilichokuwa kinambana yule dizaina mpaka akaamua hivyo. We unaona kona za mviringo, fonti nene, kijani kimekolea, unapenda, unahifadhi, siku ya kazi unalibeba lile umbo unamvalisha mteja wako mwenye shida nyingine kabisa. Ni shati alilopimiwa mtu mwingine kwa fundi, kitambaa safi, mshono safi, mabega hayakai. Na kwa vile hizi aplikesheni zinakuletea vinavyofanana na ulivyopenda jana, na mwenzako aliyependa vilevile naye analetewa vilevile, mnajikuta watu kibao mnatazama picha zilezile halafu mnashangaa kazi zinafanana. Mteja wako wala hakukutukana, kasema alichokiona.

Nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote. Miaka ya 70 kampuni ya simu ya AT&T ilikuwa inachapisha vitabu vya namba za simu, vile vinene kama tofali, karatasi ya bei chee, mitambo inakimbia, maandishi madogo mno. Wino kwenye karatasi ya namna ile unatambaa. Pale mistari miwili ya herufi inapokutana, kona ya ndani ya N au ya K mfano, wino unajaa panakuwa doa, ukisoma namba hujui hii ni 3 au 8, umepiga kwa mtu mwingine. Kazi akapewa Matthew Carter, mtengeneza fonti, na fonti yake ikatoka 1978 kwa jina Bell Centennial. Jamaa alichonga vipengo kwenye zile kona. Herufi ukiikuza inaonekana imeng'atwa na panya, mbaya haswa, lakini ikichapwa kwa udogo wake wino unatambaa, unaziba vile vipengo, herufi inatoka safi. Yaani alichora akiwa ameshauhesabia wino utakaotambaa! Mi hilo bado linanisisimua, sijui wengine.

Sasa zunguka kwenye tovuti za kampuni za teknolojia za siku hizi, utakuta fonti kubwa za vichwa vya habari zina vipengo vilevile. Kwenye skrini, ambako hakuna wino wala karatasi ya kunyonya. Mtu kaona umbo, kalipenda, kalihamisha, sababu ikabaki kwenye kitabu cha simu. Sisemi ni dhambi, kuna fonti za hivyo kali tu na zinaleta ladha, ladha nayo inatosha kuwa sababu mradi ujue ladha ndo unayoichukua. Ila cha kujifunza kwa Carter ni kikubwa kuliko vile vipengo, ni lile swali lake, kazi hii itaharibikia wapi, na niiwekee kinga gani mapema? Jiulize hivyo kwenye logo ya mteja wako uone inavyobadilika. Itachapwa kwenye risiti ya printa iliyochoka, itashonwa kwenye kofia, itakaa kwenye kile kiduara cha picha ya profaili ambacho ni kidogo kuliko ukucha, itaangaliwa juani kwenye simu iliyopasuka kioo. Ukizikusanya hizo shida zote mezani kabla hujachora, ule ukurasa mweupe unakoma kuwa mweupe, maana tayari mistari myembamba haifai, herufi za kubanana hazifai, rangi zinazopandana polepole hazifai, na kinachobaki kinaanza kuwa na sura ya mteja wako peke yake. Templeti haimjui printa wake.

Pili, chukua mbali. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi wanafanya kinyume, wakipewa kazi ya aplikesheni ya benki wanafungua aplikesheni nyingine za benki ishirini. Angalia hizo ili ujue watu wamezoea nini, sawa, lakini aidia kaitafute kwingine. Susan Kare ndo aliyechora aikoni za kompyuta ya Apple, Macintosh ile ya kwanza, ya 1984. Alikuwa na kiwanja cha pikseli 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe basi, kijivu chenyewe hakuna, na alianzia kwenye karatasi ya miraba kwa mkono. Alikuwa mtu wa sanaa, mambo ya michoro ya kompyuta hakuwa nayo, lakini alishafanya mozaiki na kazi za sindano na nyuzi, na mwenyewe amekuwa akieleza kwamba ule uzoefu ndo uliomsaidia kwenye pikseli. Ukifikiri kidogo ni kweli, mshono mmoja mmoja, kijiwe kimoja kimoja, pikseli moja moja, shida ni ileile ya kutengeneza uso wa mtu kwa vimiraba vichache. Watu wameisumbukia hiyo shida karne kwa karne kabla kompyuta haijazaliwa! Na ile alama ya ⌘ kwenye kibodi za Mac, aliikuta akipekua kitabu cha alama, kule Sweden inawekwa kwenye vibao kuonyesha sehemu ya kivutio. Hakuna aliyekuwa anatafuta vitufe vya kibodi kwenye vibao vya watalii, ndo maana ikawa mpya.

Wa aina hiyo wapo wengi. Harry Beck alikuwa mchora michoro ya kiufundi kwenye shirika la treni za chini ya ardhi London, mwaka 1931 akachora ramani ya treni iliyopuuza jiografia, mistari ya kulala, ya kusimama na ya mshazari wa nyuzi 45 tu, katikati ya jiji pametanuliwa, pembezoni pamevutwa ndani, watu wengi wanasema inafanana na michoro ya saketi za umeme. Mwanzoni ilikataliwa, wakaona imezidi, 1933 ikachapishwa na abiria wakaipokea, na leo karibu kila mji wenye treni za namna hiyo unachora hivyo. Kwa nini ilikubalika? Kwa sababu abiria akiwa chini ya ardhi haoni mto wala barabara, anataka kujua abadilishe treni wapi na vimebaki vituo vingapi. Beck alijua kitu cha kuacha. Shigetaka Kurita naye, emoji zake 176 za mwaka 1999 kule Japani, kila moja pikseli 12 kwa 12, alichota kwenye vikatuni na kwenye vialama vya utabiri wa hali ya hewa. Kijua, kiwingu, kimwavuli. Kitu kinapita kila jioni kwenye runinga na hakuna anayekiona kuwa ni dizaini.

Na QR, ule msimbo wa mraba unaouskani kwa simu, hii acha niiseme kidogo maana watu wanaichukulia poa kwa sababu ni mbaya kuitazama. Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave waliitoa 1994 kwa ajili ya viwanda vya magari, wafanyakazi walikuwa wanachoka kuskani misimbo mistari (barcode) mingi kwenye boksi moja, msimbo mstari mmoja unabeba herufi chache sana. Wazo la vimiraba vyeusi na vyeupe lilimjia kutoka kwenye mchezo wa go, ule wa mawe meusi na meupe kwenye ubao wa gridi. Poa, hiyo ndo sehemu ya inspiresheni ambayo kila mtu anaipenda. Sehemu ninayoipenda mimi iko kwenye ile miraba mikubwa mitatu ya kwenye kona. Kifaa kinatakiwa kijue haraka QR iko wapi hata ikiwa imezungukwa na maandishi na picha, kwa hiyo walipekua magazeti, majarida, maboksi, wakitafuta uwiano wa nyeusi na nyeupe ambao hautokei sana kwenye vitu vinavyochapishwa, wakaupata 1:1:3:1:1, ndo huo ukikata mstari katikati ya ule mraba wa kona, upande wowote. Na imewekewa kinga, QR ya kiwango cha juu ikichafuka au kuchanika hadi karibu asilimia 30 bado inasomeka, maana kiwandani kuna grisi. Kila kitu kwenye ule ubaya kina kazi, na kwa macho yangu hapo unaanza kuwa uzuri.

Turudi kwenye matembezi yako, maana hapo ulipewa ushauri nusu. Machweo hayana mteja wala bajeti. Picha zake ni nzuri, weka kwenye kioo cha simu, lakini hakuna uamuzi wa mtu ndani yake wa kuuchunguza. Na kabla hujaniambia mbona wapo wanaojifunza kwa maumbile, ni kweli wapo, treni za kasi za Japani, Shinkansen toleo la 500 zilizoanza 1997, zina pua ndefu iliyotokana na mdomo wa mdiria, yule ndege anayezamia samaki, injinia wao Eiji Nakatsu alikuwa mpenzi wa ndege. Ila angalia mpangilio wa hiyo stori. Treni zikitoka kwenye handaki kwa kasi zilikuwa zinapiga mlipuko wa hewa unaosumbua majirani, hiyo shida alikuwa nayo kichwani, ndo akamkumbuka ndege anayetoka kwenye hewa nyepesi akaingia kwenye maji mazito bila kurusha maji. Swali lilitangulia ndege. We umetembea bila swali, ungekutana na midiria mia ungepiga picha mia.

Kwa hiyo toka na swali moja tu, dogo, la kazi uliyonayo. Kama unadizaini fomu ya kujisajili, siku hiyo angalia watu wanavyojaza vitu, karatasi za kaunta, mashine za tiketi, daftari la wageni mlangoni. Kama ni bango, angalia watu wanasimama umbali gani wakisoma mabango, wanasoma mstari upi wanaacha upi. Utaona vingi mno, na vingi vitakuwa vibaya, vibaya ndo vizuri kwa kujifunzia.

Kuna vitu vitatu ambavyo mimi sipiti bila kusimama. Cha kwanza ni sehemu zilizochakaa. Rimoti iliyofutika vitufe vitatu kati ya arobaini inakwambia mtengenezaji angetengeneza rimoti ya vitufe vitatu na kifuniko. Mlango uliochubuka rangi pale wanaposukuma, tena mara nyingi sio pale penye kishikio. Kijinjia kilichokatiza kwenye nyasi wakati pembeni kuna njia ya zege imenyooka na kona zake za nyuzi 90, hiyo ni ripoti ya utafiti wa watumiaji imeandikwa kwa miguu na hujailipia. Cha pili ni karatasi zilizobandikwa. Popote ukiona mtu kachapa karatasi kabandika kwenye mashine, SUKUMA USIVUTE, INGIZA KADI UPANDE HUU, SUBIRI USIBONYEZE TENA, ujue dizaini ilishindwa na mhudumu kachoka kujibu swali hilohilo. Zipige picha zote hizo, mimi folda yangu ya hizo karatasi naifungua kuliko folda ya kazi nzuri.

Cha tatu ni mpangilio wa matukio, hiki hakionekani kwenye picha moja ndo maana watu wanakipita. Mashine za kutolea pesa, nyingi zinakurudishia kadi kwanza ndo zinatoa hela. Ikitoka hela kwanza, mtu akishaishika kichwa kinamwambia kazi imeisha, anaondoka, kadi inabaki. Hamna rangi hapo, hamna fonti, wala kona ya mviringo, ni mfuatano tu umegeuzwa na kadi zimepona. Sasa jiulize kwenye aplikesheni yako, mtumiaji anaona alichokifuata saa ngapi, na kuna kitu chake cha muhimu bado kimebaki nyuma?

Namna ya kuvihifadhi, usipige picha moja ukaondoka. Piga ya mbali kidogo ionekane kitu kiko wapi na mwanga unatoka wapi, piga ya karibu, na kama inawezekana piga mkono wa mtu ukikitumia, mkono tu, sura za watu waombe ruhusa au ziache. Halafu, na hili ndo wanafunzi wangu wote wanalikwepa, andika sentensi moja chini yake. Sio "kali sana" au moyo mwekundu. Andika kilikuwa kinatatua nini na kilibanwa na nini, hata kama unabashiri. "Maandishi makubwa hivi kwa sababu dereva ana sekunde mbili." "Wametumia rangi moja labda kuchapa rangi mbili ni ghali." Ukishindwa kuandika sentensi futa picha, haikukufundisha kitu, ulivutiwa tu na kuvutiwa kunapita. Skrinshoti ulizonazo zipitishe kwenye chujio hilohilo, sidhani kama itabaki robo.

Na chora. Kalamu na karatasi yoyote, ubaya wa mchoro haujalishi. Ukipiga picha kibao cha barabarani umekiona, ukikichora unalazimika kujua mstari unaishia wapi na nafasi kati ya herufi na ukingo ni kiasi gani, vitu ambavyo jicho linadanganya limeviona. Margaret Calvert alipokuwa anachora upya vibao vya barabara vya Uingereza na Jock Kinneir, vile vilivyoanza rasmi 1965, kibao cha tahadhari ya watoto alikibadilisha, cha zamani kilikuwa na mvulana akimwongoza msichana, akaweka msichana akimshika mkono mvulana mdogo, akitumia picha yake mwenyewe ya utotoni. Majina ya miji nayo wakayatoa kwenye herufi kubwa tupu wakayaweka kwa herufi ndogo zinazoanza na kubwa, kwa hoja kwamba neno la herufi ndogo lina umbo, linapanda na kushuka, dereva analitambua kwa mbali kabla hajalisoma. Sasa hilo andika majina mawili kwa mkono, moja kwa herufi kubwa zote, jingine kawaida, yabandike ukutani rudi nyuma hatua kumi. Utaelewa kwa macho, hutahitaji kunisoma mimi.

Haya, rangi. Ukinyonya rangi kwenye picha programu inakupa pikseli moja, na pikseli moja kwenye picha ya simu ni takataka, ikuze uone, ukuta uliodhani ni wa rangi moja una vidoti vya kila namna. Tia ukungu kwanza kwenye picha, iwe mawimbi tu ya rangi, ndo unyonye. Pili, simu yako inasahihisha rangi bila kukuuliza, ukipiga chini ya taa ya njano inavuta picha irudi kwenye weupe, kwa hiyo ile joto uliyoipenda pale mahali inaweza isiwepo kabisa kwenye faili. Lakini kubwa zaidi ni hili, rangi haina maana ikiwa peke yake. Unakumbuka ile gauni ya mwaka 2015 iliyogombanisha mtandao mzima, wengine wanaona bluu na nyeusi, wengine nyeupe na dhahabu? Pikseli ni zilezile, ila kila ubongo ulibashiri mwanga wake. Josef Albers, msanii na mwalimu wa rangi, alifundisha hayo miongo kadhaa kabla ya gauni, alikuwa anaweka kipande kilekile cha karatasi juu ya mandhari mbili tofauti, unaapa ni rangi mbili.

Kwa hiyo ile picha kali uliyoinyonya uzuri wake haukuwa kwenye rangi tano, ulikuwa kwenye kiasi. Labda asilimia kubwa ilikuwa kijivu kimechoka, kuna kahawia, halafu chungwa kali kidogo pembeni kabisa. We umezichukua zote tano ukazigawia nafasi sawasawa, chungwa likapewa kichwa cha habari, vitufe na mandhari, lazima lipige kelele. Nyonya na kiasi chake pia. Na ukishapata rangi zako zipime, maandishi ya kawaida na mandhari yake yanatakiwa kupishana mwanga angalau 4.5 kwa 1, makubwa 3 kwa 1, vipimio vya bure vipo kibao. Usitegemee rangi peke yake kubeba ujumbe, kwa watu wenye asili ya Ulaya kaskazini kama mwanamume 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani, taa za barabarani zenyewe zina mpangilio wa juu na chini kwa hiyo asiyeiona rangi anasoma nafasi. Kibox chako cha kosa kiwe na neno au alama, wekundu uwe wa kuongezea.

Akili mnemba tumia, ila sio mwanzoni. Hii mitambo imefundishwa kwa rundo la picha na maelezo yake, ukiiambia "logo ya kisasa ya kampuni ya teknolojia" inakupa kile ambacho watu wengi wamekuwa wakikiita hivyo, yaani inakupa folda yako ya skrinshoti, imesagwa ikachanganywa vizuri. Ukianzia hapo umerudi kulekule kwenye templeti na safari hii huwezi hata kujua imetoka kwa nani. Ukishakuwa na sababu zako na mchoro wako mbaya wa kalamu, hapo inafaa, ipe ikutolee mipangilio mingine ya kitu hichohicho, ikuonyeshe bango lako likiwa juani, likiwa usiku, au iulize ikutajie mazingira ambayo umeyasahau. Mi naitumia sana kwa kitu kimoja ambacho labda si cha kistaarabu, nikipewa kazi naiagiza ichore tatu nne za mwanzo, nazibandika ukutani kama orodha ya vitu nisivyofanya. Usimpelekee mteja kitu kilichotoka humo moja kwa moja ukakiita logo yake, masuala ya umiliki wa kazi za namna hiyo bado yanabishaniwa mahakamani nchi mbalimbali, na mteja wako atakuja kutaka kuisajili.

Tableti usinunue kwa sasa. Kwa logo, mabango na muonekano wa aplikesheni, kipanya na kompyuta yoyote inayobeba programu yako bila kukwama inatosha, tableti inakuja kuwa na maana ukianza kuchora vikatuni, herufi za mkono au kupaka rangi kama mchoraji. Ukifika huko anza na isiyo na kioo, saizi ndogo, kalamu yake iwe inahisi mgandamizo wa mkono, hata iliyotumika ni sawa mradi umehakikisha vichwa vya akiba vya kalamu bado vinauzwa na inakubaliana na mfumo wa kompyuta yako. Hela inayobaki ipeleke kwenye kuchapa, hiyo logo iliyoitwa templeti ichape kwenye karatasi kwa ukubwa wa kadi ya biashara, rangi moja nyeusi, na nyingine kwa ukubwa wa ukucha, uone kipi kinakufa kwanza.